Nzuri, Ila

Walaji walikuwa wametulia. Hilo ndilo lililomtoa Dakta Perpetua Njiku jasho la mgongoni asubuhi ile ya upepo mkali wa Singida, akiwa ameinamia darubini kwa nusu saa bila kunyanyua kichwa. Angewakuta wamechachamaa, wamevimba, wamepasuka na kumwaga moto wao huku na huko, angeshukuru. Lakini walikuwa wamejikalia tu, wanono, wapole, kama wageni walioshiba pilau la watu na sasa wanangoja chai.

Na ndani ya matumbo yao hapakuwa na vumbi la mawe peke yake. Palikuwa na vijiti vyekundu.

"Mlaji mmoja ana vingapi?" alimwuliza Mkumbo, fundi wa maabara aliyefanya naye kazi tangu wote wawili hawajawa na mvi.

"Niliacha kuhesabu nilipofika arobaini, Dakta."

"Na ni vya nini?"

Mkumbo alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. "Unajua ni vya nini. Unataka mimi ndiye niseme."

Alijua. Kilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimetapakaa kwenye mapafu, ini, figo na uti wa mgongo wa Elifuraha Hango, mponda kokoto mwenye miaka thelathini na mmoja, aliyeanguka Jumanne saa sita mchana machimboni pa Mwamba Mweupe akiwa na nyundo mkononi. Asubuhi ya siku hiyo alikula viazi, akatania watu, akapanda kilima kwa miguu yake. Hakukohoa. Hakuwa na homa hata ya siku moja. Mjane wake aliapa mbele ya watu kwamba mumewe hajaumwa miaka saba, na alisema kweli kama alivyoijua.

Asiyewajua walaji na aelezwe kidogo. Ni seli zilizomo katika mwili wa kila mtu, na kazi yao ni kufagia. Wakikuta mdudu wanammeza, wakikuta seli iliyokufa wanaizoa, wakikuta vumbi wanalibugia. Wakizidiwa hupiga kelele ya kikemia kuwaita wenzao, na kelele hiyo ndiyo mwako: joto, wekundu, uvimbe, maumivu. Homa ya mtoto, jipu linalopwita, kidonda kinachomnyima mtu usingizi, yote hayo ni walaji wanaita. Sasa vumbi la mawe ya Singida haliyeyuki. Mlaji akilimeza hupasuka. Anayekuja kumzoa naye hulimeza na kupasuka. Kelele hazikomi mpaka mapafu yanabaki makovu matupu. Wapondaji kokoto walikuwa wakifa hivyo tangu nyundo ya kwanza, wengi wao kabla ya miaka arobaini na mitano.

Perpetua ndiye aliyewanyamazisha. Alichukua damu ya mgonjwa, akachuja walaji wachanga, akakata kipande kimoja katika maagizo yao ya urithi, kisha akawarudisha kifuani kwa ukungu wa kuvuta puani. Aliuita Tulizo. Mlaji wa Tulizo humeza vumbi akakaa nalo kimya maisha yake yote. Ndani ya mwaka mmoja watu waliokuwa wakipumua kwa kukoroma walikuwa wanaimba kanisani na kwenye maulidi. Kufikia mwaka wa kumi na mbili, watu elfu nne wa machimbo walikuwa na walaji mabubu vifuani mwao.

Hakuna aliyejiuliza mlaji bubu atafanya nini akimeza mdudu wa kifua kikuu, ambaye mwili humzuia kwa kumjengea ukuta, na ukuta wenyewe hujengwa kwa kelele hizo hizo. Hapana, huo ni uongo, na Perpetua aliujua kuwa ni uongo. Yeye alijiuliza. Alijiuliza mwaka wa pili, ukurasa mzima wa daftari, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu: *Msalimu atagundua mapema.* Kisha akafunga daftari akaenda kula.

*

Mkuu wa Taasisi ya Pumzi, Dakta Barnaba Mghenyi, hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu maneno yake ya siku ile hayapendezi.

"Ufunguo upo?" aliuliza, akitazama nje dirishani ambako upepo ulikuwa unayumbisha alizeti.

"Upo," Perpetua alisema. "Ni ukungu vilevile. Unarudisha kile kipande tulichokikata. Ndani ya saa chache walaji wanaanza kuita tena."

"Na dawa za kawaida za kifua kikuu zikitumika bila Ufunguo?"

"Hazitoshi. Mdudu amejificha ndani ya mlaji, na mlaji hamgusi. Ni sawa na kumfukuza mwizi wakati mwenye nyumba amemlaza chumbani na kumfungia mlango. Tumepima damu za watu mia mbili. Sitini na mmoja wanacho."

Mghenyi aligeuka. "Wakifunguliwa?"

"Wa miaka michache wataugua wiki mbili, watameza dawa, watapona. Waliokaa na Tulizo zaidi ya miaka kumi wana vumbi la miaka kumi ambalo halijawahi kulalamikiwa. Litalalamikiwa lote kwa siku moja. Katika kila kumi, wanne hawatavuka wiki."

Mghenyi alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kuyapanga.

"Mwezi ujao ni ukungu wa mwaka, wa kuongezewa Tulizo. Watakuja wenyewe, watakaa vitini, watavuta. Tia Ufunguo humo."

"Bila kuwaambia?"

"Ukiwaambia, nusu watakimbia, na kifua kikuu kitakimbia nao mpaka Manyoni, mpaka Dodoma. Hapo tutazika wangapi?"

"Na hao wanne katika kumi?"

"Watakufa kwa homa, Perpetua. Watu hufa kwa homa."

"Nitawauliza," alisema. "Mmoja mmoja."

Mghenyi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Utawauliza nini? Wewe ni mtoto wa pale. Ukimwambia mtu wa Mwamba Mweupe 'Je, unakubali?' atakujibu, 'Wewe ndiye unayejua, Dakta.' Akishasema hivyo ukamtia Ufunguo, hiyo nayo ni ridhaa? Tofauti yako na yangu ni kwamba wewe utalala usingizi." Kisha akalegea. "Nakupa siku saba. Baada ya hapo tunafanya ninavyosema."

Perpetua alirudi mezani kwake akafungua orodha ya Ufunguo, iliyoanza na watu wa mwaka wa kwanza. Jina la kwanza lilikuwa la Siwema Njiku, miaka sabini na moja, dada wa baba yake. Baba alipofariki, Siwema ndiye aliyemchukua Perpetua akiwa darasa la tano, akamlea kwa nyundo na kokoto mpaka akatoka chuo kikuu. Tulizo ilibuniwa kwa ajili ya kifua cha shangazi huyo. Wengine elfu nne walifuata tu.

Damu yake ilikuwa miongoni mwa zile sitini na moja.

Asipofunguliwa angeweza kuishi mwaka, pengine miwili, bila maumivu yoyote, kisha aanguke kama Elifuraha. Akifunguliwa, na miaka yake kumi na miwili ya vumbi, Perpetua hakuhitaji kompyuta imwambie. Aliweka kidole juu ya jina, akalifuta katika orodha ya Ufunguo. Aliona aibu kubwa, na hakulirudisha.

*

Kuhusu Msalimu.

Msalimu ilikuwa mashine ya kupiga simu. Kila asubuhi ilimpigia kila mwenye Tulizo, ikasema kwa sauti ya Perpetua aliyoirekodi mwenyewe: "Habari za asubuhi? Pumzi vipi leo?" Mtu akijibu, mashine ilipima sauti yake, ikatafuta mkwaruzo wa koo na uzito wa pumzi. Ilihitaji sekunde nne tu. Mwanzoni iliachwa isikilize mpaka mtu amalize, na hapo ndipo balaa lilipoanza: bibi mmoja alieleza habari za kuku wake dakika kumi na moja, mzee mwingine alisimulia kesi ya mpaka wa shamba. Foleni ya simu ikafika adhuhuri. Perpetua alicheka siku ile, akaandika amri ya mstari mmoja. Mtu akishajibu na sauti yake ikawa safi, simu ikatwe. Ikatwe kimya, bila mlio, wasije wakaona wamedharauliwa.

Naye alikuwa mtu wa pale. Alijua mtu wa kwao hajibu kwanza ukweli. Hujibu kwanza salamu. Alikuwa na miaka kumi na moja siku mjumbe alipokuja nyumbani kwao kutoka barabarani. Habari za huko? Nzuri. Za watu? Hawajambo. Za safari? Salama. Akakaribishwa kigoda, akaletewa maji, akanywa, akafuta mdomo, kisha akasema, "Ila baba wa huyu mtoto amegongwa na lori." Hakuna aliyemlaumu kwa kuanza na nzuri. Nzuri ni kubisha hodi. Habari yenyewe hukaa nyuma ya *ila*, na mwenye adabu hungoja ifike.

*

Alimkuta shangazi yake machimboni saa tisa, ameketi juu ya gunia, amefunga kanga puani, jiwe limezungushiwa pete ya mpira wa tairi ili vipande visimrukie. Alikuwa amekatazwa kazi mara kumi. Alisema mikono isipopiga nyundo inamwotesha ndoto mbaya.

Perpetua hakuja kumwambia chochote. Alikuja kumwona tu, ndivyo alivyojidanganya njia nzima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko kilimani?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Mume na watoto?"

"Hawajambo wote. Habari za hapa?"

"Nzuri tu, mwanangu." Siwema aligeuza jiwe, akalitazama upande wa pili. Perpetua alivuta ndoo tupu, akaifudikiza, akakaa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa na pa kwenda, kwa hiyo alinyamaza. Nyundo ikapiga mara tatu.

"Ila Elifuraha tumemzika," Siwema alisema.

"Ndiyo, shangazi. Nilikuwapo."

"Najua ulikuwapo, nilikuona na miwani yako myeusi. Nasema tumemzika, na mimi nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Kwamba anaisha. Mkanda wake ulikuwa na matundu matano ya dukani. Wakati wa kuvuna alizeti mwaka juzi akatoboa la sita kwa msumari, hapa hapa, kwa nyundo yangu. Masika akatoboa la saba. Nikakuambia, mtoto huyu hakohoi lakini suruali inamkimbia, mwangalieni. Mwaka huu akatoboa la nane, nikakuambia tena."

Perpetua alihisi ndoo inazama chini yake. "Uliniambia wapi, shangazi?"

"Kwenye simu. Si unanipigia kila asubuhi?"

"Ile ni mashine."

"Sauti ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Upepo ulipita ukachukua vumbi la kokoto ukalimwaga bondeni. Perpetua alitaka kudanganya. Alishadanganya mengi wiki ile, na uongo mmoja zaidi usingekuwa mzigo. Lakini mdomo ulikataa.

"Shangazi, ile mashine ukishasema *nzuri*, inakata. Haisikii kinachofuata. Mimi ndiye niliyeiagiza ikate."

Nyundo ilisimama hewani.

"Mbona haikuwa na mlio?"

"Niliagiza isiwe na mlio."

Siwema alishusha nyundo polepole akaiweka juu ya gunia. Alitazama kiganja chake, kile ambacho kwa miaka kumi na miwili kilishika simu sikioni kila asubuhi. "Kwa hiyo nilikuwa naongea na mkono wangu," alisema. "Na mimi nikisema, mtoto huyu ana kazi nyingi, hajibu, lakini anasikia."

"Nisamehe, shangazi."

"Ngoja kwanza. Kuhusu mama Sinai nilikuambia?"

"Sijui. Niambie sasa."

Akamwambia. Mama Sinai alikanyaga kaa la moto jikoni akazunguka nalo mpaka nyumba nzima ikanuka, hakuhisi kitu, na kidonda hakijavimba wala kufunga mpaka leo. Mzee Ntandu alikuwa na uvimbe usiouma kwenye mgongo, ulioupindisha uti kama jembe. Wanawake wawili wa upande wa chini walikuwa wamepungua mpaka pete zimefungwa uzi zisidondoke. Kila jambo lilikuwa na majira yake na siku yake. Wapondaji kokoto walikuwa wameuona ugonjwa miaka miwili kabla ya darubini, wakauripoti kila asubuhi, na kila asubuhi ukakatwa kwenye sekunde ya nne. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawa hawakuficha. Perpetua alilia bila kujifunika uso.

"Na wewe mwenyewe?" aliuliza baadaye. "Baada ya *nzuri*, kuhusu wewe ulikuwa unasema nini?"

Siwema alifikiri. "Kwamba mwili wangu haunisemeshi siku hizi. Mwiba ukiniingia nauona kwa macho. Zamani nilikuwa nauchukia huu mwili kwa kelele zake. Sasa nimekuwa kama ninakaa na mke mwenza aliyenuna."

Hapo Perpetua alimweleza yote. Vijiti vyekundu, Ufunguo, wanne katika kumi, ukungu wa mwezi ujao na siri yake. Alipofika kwenye orodha alisita, kisha akasema, "Na jina lako nimelifuta, shangazi. Nilitaka wewe ubaki kama ulivyo."

"Nikifunguliwa nitakohoa?"

"Utakohoa. Utaungua homa. Sidhani kama utavuka wiki."

"Nikibaki?"

"Mwaka mmoja, miwili. Hutasikia maumivu."

"Na huku nagawa ugonjwa?"

"Kidogo kidogo. Kwa unaoongea nao karibu."

"Na mimi ninavyoongea!" Siwema alicheka, na Perpetua naye akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka. Kisha bibi akaokota nyundo, akaifuta vumbi kwa kanga yake. "Rudisha jina langu, mwanangu. Liweke la kwanza. Na usifanyie kule kilimani. Fanyia hapa, watu wakiona."

"Shangazi, mimi siwezi..."

"Unaweza. Ukizunguka nyumba kwa nyumba ukiuliza, watakujibu kwa heshima, na heshima si jibu. Waache waone mtu wanayemjua akiungua. Wamsikie akikohoa. Halafu kila mtu akae na moyo wake aseme nataka au sitaki. Atakayesema sitaki usimkasirikie."

"Sitakasirika."

"Na hiyo mashine yako uifundishe adabu. Mtu hamkatizi mwenzake."

*

Walimweka kwenye kitanda cha kamba chini ya paa la bati ambalo wapondaji hulitumia kujikinga na jua. Perpetua mwenyewe alishika kifaa cha ukungu. Mkumbo akaushika mkono wake kwa chini, wote wawili wakakibonyeza. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na watu kama mia tatu walikuwa wamesimama na nyundo zao, hakuna aliyepiga jiwe.

Saa nne hakuna kitu. Saa tano Siwema alilalamika kuwa kiwiko kinamuuma, kisha akashangaa, akakishika kiwiko akakitazama kwa furaha ya ajabu. "Kinauma kweli," aliwaambia watu. Saa sita na robo akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha kusafisha koo. Lakini machimboni pale hapakuwa pamesikika kikohozi cha mtu mzima kwa miaka mingi, na watoto waliozaliwa baada ya Tulizo walikimbilia kwa mama zao wakiuliza ni nini. Wazee walijua. Mzee Ntandu alivua kofia.

Jioni homa ilipanda. Perpetua aliweka kiganja kwenye paji la uso wa shangazi yake, akaunguzwa, na moyo wake ukagawanyika: nusu ilifurahi kwamba walaji wanaita, wanajenga ukuta, wanafanya kazi waliyoumbiwa, nusu ilitaka kuwanyamazisha tena papo hapo. Dawa ya kuwanyamazisha ilikuwa mfukoni mwake. Siwema aliuona mkono ukienda mfukoni, akatikisa kichwa.

Kwa siku tatu watu walikuja, wakakaa, wakatazama, wakaondoka. Perpetua hakuuliza mtu swali. Alikaa juu ya ile ndoo, na wakija kumsalimu aliitikia salamu zote mpaka mwisho, akangoja. Mjane wa Elifuraha alisema nzuri, ila anataka kufunguliwa yeye na ndugu zake wawili. Mama Sinai alisema nzuri, ila yeye hataki. Ana miaka sitini na minane na afadhali afe kimya, lakini atakaa peke yake kwenye kibanda cha shambani asimwambukize mjukuu, chakula apelekewe mlangoni. Perpetua aliandika *amekataa*, akasimama, akampa mkono. Wengine walitukana. Mmoja alimtemea mate miguuni, kaka mkubwa wa Elifuraha, na Perpetua hakufuta. Kufikia jioni ya tatu walioomba Ufunguo walikuwa wamezidi elfu mbili, na Mghenyi alituma ujumbe wa maneno matatu: *Sikutegemea. Endelea.*

Jioni hiyo hiyo, akiwa ameegemea nguzo ya lile paa la bati, Perpetua alifungua kompyuta akatafuta mstari mmoja alioandika miaka kumi na miwili iliyopita. Ulikuwa mfupi kuliko alivyoukumbuka. Akaufuta.

Siku ya nne jua lilipochomoza, Siwema alifungua macho akaomba uji. Alikunywa vijiko viwili. Alisema kifua kinamuuma, mgongo unamuuma, magoti yanamuuma, aliyataja yote kama mtu anayewataja ndugu waliorudi kutoka mbali. Kisha akashika vidole vya Perpetua, akavuta pumzi, akaitoa, na nyingine haikufuata. Mkumbo alitazama saa. Wanawake waliokuwa nje walielewa kabla hawajaambiwa, wakaanza kulia.

Perpetua hakulia bado. Alikuwa anamfunga shangazi yake kidevu kwa kitambaa pale simu ya Siwema ilipoita juu ya mkeka. Ilikuwa saa moja na nusu. Simu zote elfu nne zilikuwa zinaita, hapo na kwenye vilima vingine. Aliichukua akaiweka sikioni.

"Habari za asubuhi?" iliuliza sauti yake mwenyewe, changa, iliyojaa matumaini ya mwanamke ambaye bado hajakosea. "Pumzi vipi leo?"

"Nzuri," alisema Perpetua, kwa maana ndivyo alivyolelewa.

Sekunde ya nne ikapita. Ikapita ya tano, ya sita. Mashine haikukata.

"Ila shangazi ametutoka," alisema.

Mashine haikuwa na la kujibu. Hakuwahi kuirekodia pole. Ilibaki inasikiliza tu. Perpetua akakaa chini kwenye mkeka, akakunja miguu, akaanza kuieleza yote, tangu tundu la sita la mkanda wa Elifuraha.